Baisikeli ya Urithi na Mafunzo Yake



Katika majarida ya namna hii tumezoea kusoma mambo ya nyumba zetu: malezi ya watoto, haki za jirani, na matumizi mema ya mali. Leo naomba nafasi nizungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, nacho hakitazamwi tena, nacho ni baisikeli kuukuu ya chuma. Yumkini imeegemezwa ukutani nyuma ya jiko, kuku wanalala juu ya keria yake, na tairi zake zimekauka na kupasuka. Mwenye nyumba huona takataka. Mnunuzi wa chuma chakavu huona kilo. Mimi nasema kwamba aghlabu ile ni mali, tena mali iliyo hai. Lakini ina masharti yake, na mwenye kuyapuuza hujitengenezea hatari badala ya chombo cha safari. Nitaeleza niliyoyaona katika baisikeli moja tu, hapa kwetu Mbeya, na kila msomaji atapima mwenyewe.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1963 alinunua baisikeli aina ya Raleigh kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa akihama. Kwa muda wa miaka 30 hivi alikwenda nayo kushona na kuuza nguo Mbalizi na Uyole, na kichwa cha cherehani kimefungwa nyuma yake kwa mpira. Nguvu za miguu zilipompungukia aliiweka ghalani, na huko ndiko tulikoikuta alipofariki mwaka 2021.

Tulibaki warithi watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, kwa kuwa mama alikwisha tangulia. Mdogo wangu, wala si kwa ubaya, alikwisha zungumza na mnunuzi wa chuma chakavu ili ghala lisafishwe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hii nayo ni mirathi kama nyumba na cherehani. Udogo wa kitu hauondoi haki iliyomo." Tukakubaliana kuwaita mafundi wawili waithamini kama ilivyo, na kutu yake. Wakasema shilingi 100,000. Kwa kuipima kilo isingefika robo ya fedha hiyo, maana baisikeli nzito ya namna hii ina kilo 20 hivi. Basi hesabu ilikuwa nyepesi: kila mwanamume mafungu mawili, na mwanamke fungu moja. Mimi nikaitaka, nikamlipa mdogo wangu shilingi 40,000, na dada yetu nikamtia mkononi shilingi 20,000.

Dada alizihesabu, kisha akaziweka mezani mbele yangu. Akasema, "Kaka, sasa ni zangu, nami nazitoa kwa hiari yangu. Tengeneza hiyo baisikeli ya baba, lakini mwanangu ndiye aipande."

Sharti lake halikuwa la bure. Mwanawe, yaani mpwa wangu, alikuwa na umri wa miaka 19. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, hana kazi, na moyo wake wote ulikuwa katika pikipiki. Alitaka kuchukua moja kwa mkataba, awe akimpelekea mwenye pikipiki fedha kila siku. Dada yangu, ambaye ni mjane, huoka mikate nyumbani kwake Soweto na kuipeleka katika maduka ya Mafiati na Mwanjelwa. Mikate ile ilikuwa ikipelekwa na kijana wa bodaboda, na nauli ilikula faida. Juu ya hayo, mwaka ule vijana wawili wa mtaa wao walikuwa wamevunjika miguu kwa pikipiki. Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili mikononi mwetu: riziki ya nyumba na usalama wa mtoto wa pekee.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze kwa nini chuma cha zamani kinastahili taabu hii. Fremu hizi zimefanywa kwa mirija ya chuma iliyochomekwa katika viungo vya chuma na kulehemiwa kwa shaba. Chuma kikizidiwa, mara nyingi hupinda kwanza, au huonyesha ufa, kabla ya kukatika, na mwenye macho akapata onyo. Tena hulehemika: fundi yeyote mwenye moto na ujuzi, awe Makambako au Tunduma, aweza kukiunga. Fremu za aluminiamu ni nyepesi, lakini zikipasuka si kila fundi wa njiani awezaye kuziunga. Mpolandi Kazimierz Nowak alipita Afrika toka kaskazini hadi kusini na kurudi, kati ya mwaka 1931 na 1936, na sehemu kubwa ya safari hiyo aliifanya juu ya baisikeli ya chuma iliyokwisha tumika. Siku hizi pia huja wapanda baisikeli wa Tour d'Afrique, safari ya Cairo mpaka Cape Town iliyoanza mwaka 2003, nao wamepita hapa Mbeya. Wengi wao wana vyombo vya gharama, lakini barabara haimuulizi mtu bei ya chombo chake; humuuliza kama kitafika.

Jambo la pili ni vipuri. Kampuni ya Raleigh ilianza Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, na kazi ya kutengeneza baisikeli katika mji ule ilikoma mwaka 2002. Mtu angedhani kwamba kiwanda kikifa, baisikeli yake nayo hufa. Sivyo. Umbo lile la magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma lilichukuliwa na Wahindi na Wachina. Hero ya Ludhiana ilianza kutengeneza baisikeli mwaka 1956, na jina la Phoenix la Shanghai lilianza mwaka 1958. Hata Swala zetu, zilizotoka kiwanda cha Dar es Salaam, zilikuwa za ukoo huohuo. Raleigh ya baba ina spoki 32 katika gurudumu la mbele na 40 katika gurudumu la nyuma. Na ringi mpya ya Kihindi yenye matundu hayohayo yapatikana mpaka leo. Ndiyo maana nasema mali hii iko hai.

Tuliipeleka kwa mzee mmoja fundi, karibu na Mwanjelwa, ambaye amefanya kazi hii tangu ujana wake. Mpwa wangu alikuja na mapendekezo yake: rangi nyekundu, vioo viwili, redio, na maua ya plastiki katika spoki. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Mwanangu, baisikeli ina haki tatu kwa mpangilio wake. Kwanza isimame, pili iende, tatu ipendeze. Anayeanza na ya tatu humpamba maiti." Nimeona maneno haya ni muhtasari wa kazi nzima, nami nitayafuata hayo kwa mpangilio huo.

Kusimama kunaanza na fremu. Mzee alifunga uzi mahali ekseli ya nyuma inapokaa, akauzungusha mbele ya shingo ya usukani, akaurudisha upande wa pili, kisha akapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Nafasi zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana sana, imepinda. Yetu ilitofautiana milimita 2 tu, akairidhia. Ndipo akachukua msasa, akakwangua rangi ya uma wa mbele, pale juu unapoungana na shingo. Chini ya rangi ile palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Baisikeli ilikwisha pakwa rangi upya zamani, mahali ambapo hapana haja ya kupataja, na rangi ile ndiyo iliyouficha ufa. Uma wa mbele ukikatika katika mteremko, mpandaji huanguka kwa uso, wala hapati nafasi ya kujiokoa. Mpwa wangu alikaa kimya, na siku ile hakuitaja tena redio.

Kupata uma mwingine kulituchukua wiki tatu, na sababu yake wengi hawaijui. Raleigh ilitumia nyuzi za skrubu 26 katika kila inchi, hali baisikeli nyingine nyingi za Kiingereza zilitumia 24. Kwa macho hazitofautiani; ukilazimisha nati kwa spana, itaingia mizunguko miwili na kuharibu vyote viwili. Mzee alitupa kipimo chepesi: nati halisi huingia kwa vidole mizunguko mitatu bila kulazimishwa. Tulizunguka na nati ile mfukoni, na uma uliokubali tuliukuta, amini usiamini, katika rundo la mnunuzi wa chuma chakavu. Lau Raleigh yetu ingalipelekwa huko, yumkini mtu mwingine angalikuwa anaufukua wetu.

Kisha breki. Breki hizi huvutwa kwa fimbo za chuma, na raba zake hubana ringi kwa upande wa ndani. Ringi zetu zilikuwa zimeliwa na kutu, na fedha ya dada ndiyo iliyonunua mpya. Raba za breki zilibadilishwa zote nne, wala si zile mbili mbovu tu. Hapa lazima niwaonye vijana wa nyanda zetu hizi zenye mvua tangu Novemba mpaka Aprili na kuendelea: chuma cha ringi kikilowa, breki hushika kwa uzito sana, na baisikeli huteleza mbali kabla ya kusimama. Dawa yake ni kuzigusa breki mapema kidogo kidogo ili raba zifute maji, na kuteremka polepole. Na mteremko ukiwa mkali na barabara imelowa, ushuke uikokote. Hapana aibu katika kukokota.

Haki ya pili ni kwenda. Kila mahali penye mzunguko pana gololi, na kila gololi ina kipimo chake. Penye mikono ya pedeli ziko 22 za robo inchi, 11 kila upande. Mzee alizitupa zote za zamani, maana gololi mpya moja kati ya zilizolika hubeba mzigo wa wenzake, kisha hupasuka na kuharibu njia yake. Zile kota pini zinazoshikilia mikono ya pedeli zililowekwa mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi aliziondoa kwa nyundo, akiegemeza gogo upande wa chini ili pigo lisiumize gololi na vikombe vyake.

Kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa na zawadi yake. Ni cha Sturmey-Archer chenye miendo mitatu, na juu ya bati lake, tulipoondoa masizi, tulisoma namba 56 na pembeni yake 4. Mafundi waliozoea vitovu hivi hujua kwamba hizo ni mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Basi kitovu kile kilitengenezwa Aprili 1956, miaka mitano na ushei kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Mzee alikisafisha, akatia mafuta mepesi katika tundu lake dogo, akarekebisha mnyororo wake wa kubadilishia mwendo, na kikaitika.

Lakini Nottingham si Mbeya. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila utokapo kuna mlima. Gia kubwa ya mbele ina meno 48 na ndogo ya nyuma ilikuwa na meno 18. Maana yake, katika mwendo wa kati, kila mzunguko mmoja wa pedeli ulikupeleka mita 6 hivi. Huo ni mwendo wa uwanda. Tuliweka gia ya nyuma yenye meno 22, tukarefusha mnyororo kwa vipande viwili, na sasa mzunguko mmoja ni mita 4.9 hivi. Mwendo mzito wa kitovu hupunguza robo ya hiyo, ukabaki na mita 3.6 hivi kwa mpando. Katika uwanda, mwendo mwepesi huongeza theluthi, nawe hukosi kitu. Kipuri hiki kimoja kidogo ndicho kilichoifanya baisikeli ya Uingereza kuwa ya Mbeya.

Haki ya tatu, kupendeza, ilikuja mwisho, tena kwa kiasi. Rangi iliyobaki nzuri haikuondolewa. Sehemu zilizokwanguliwa zilipakwa nyeusi ya kwanza. Vyuma vyeupe vilisuguliwa kwa ndimu na majivu. Kiti cha ngozi kilipakwa mafuta kidogo, kikavutwa skrubu yake. Dinamo ya voti 6 ilirudishwa na kutiwa taa za kisasa zinazotumia umeme kidogo, kwa kuwa mikate hutoka alfajiri, na alfajiri ya Juni katika mji huu ina ukungu na baridi. Mpwa wangu alipata kioo kimoja, upande wa kulia wa usukani. Kwa kweli ni kitu cha manufaa, na mzee mwenyewe alikisifu.

Kwa kazi ya mjini tulipandisha usukani kidogo ili aone mbele bila kuinama, tukafunga sanduku la mikate chini kadiri ilivyowezekana, maana mzigo wa juu huyumbisha. Kwa safari za mbali tulishona mifuko miwili ya turubai ya kuning'inia pande zote za keria. Tuliishona kwa cherehani ya marehemu baba, ile ile iliyokuwa ikisafiri juu ya keria hiyo.

Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, tulikwenda nayo Tukuyu, mwendo wa kilomita 70 hivi, mimi juu ya Phoenix yangu na mpwa wangu juu ya Raleigh. Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri. Katika mifuko mlikuwa na mipira miwili ya ndani, viraka na gundi, spoki nne, kota pini mbili, spana, pampu, mkate wa dada na maji. Kutoka Uyole na Igawilo barabara hupanda milima ya Uporoto mpaka hupita mita 2,000. Tulipanda nusu na kukokota nusu, tukipita mashamba ya viazi ya Isyonje. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, babu alipita huku na cherehani?" Nikamjibu kwamba alipita zaidi ya mara moja, na kwa mwendo wa meno 18.

Upande wa pili, kuelekea Kiwira, manyunyu yalitukuta. Katika kona moja lori lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla. Tulikuwa tukishuka polepole, breki tumekwisha zigusa, nasi tukasimama pamebaki nafasi ya kutosha. Mpwa wangu alishuka, akazishika raba za breki kwa vidole, akautazama uma wa mbele tangu juu mpaka chini, kisha akapanda tena. Sikumwambia neno. Tulifika Tukuyu wakati wa Alasiri, miguu imechoka na vyombo ni vizima, na kesho yake tukarudi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nasema baisikeli itaondoa pikipiki. Haitapanda mlima wa kwenda Chunya kwa mwendo wa pikipiki, wala haitabeba abiria kwa wingi ule. Mpwa wangu mpaka leo anaitaka pikipiki, nami simlaumu. Lakini ile nauli ya mikate sasa hubaki nyumbani, na sehemu yake mama yake humwekea akiba katika sanduku. Amejifunza pia kazi kwa yule mzee, na amekwisha tengeneza baisikeli sita za majirani kwa malipo. Siku atakaponunua pikipiki, akipenda Mungu, itakuwa yake tangu siku ya kwanza, wala hataipanda kabla ya kuzikagua breki zake.

Basi, ndugu wasomaji, nimalize kwa nasaha chache. Mwenye baisikeli kuukuu nyumbani asiiuze kwa kilo kabla fundi mwaminifu hajaitazama. Ikiwa ni ya marehemu, ithaminiwe, na kila mrithi apewe haki yake mkononi, hata ikiwa ndogo. Atakayependa kutoa atatoa kwa moyo mweupe, nanyi mtaitengeneza bila manung'uniko. Fundi anayeitengeneza ajue kwamba amekabidhiwa amana, na kwamba ufa uliofunikwa kwa rangi ni deni juu yake. Ikionekana kwamba fremu imekufa kweli, basi ivunjwe, na vipuri vyake vizuri vitunzwe, kwa maana huenda kuna mtu anazunguka mjini na nati mfukoni akikitafuta kimoja kati yavyo. Na nyinyi vijana, pambeni baisikeli zenu mpendavyo, baada ya kuhakikisha kwamba zinasimama.